BIMA YA SAFARI: DOLA CHACHE AU MTAJI MZIMA?

MFANYABIASHARA wa Kariakoo anayejiandaa kwenda Guangzhou huwa amekwisha piga hesabu ya nauli, hoteli, mkalimani na kontena kabla hajafikiria bima. Suala hilo hulikuta kwenye meza ya wakala wa tiketi, pale anapoulizwa kama anataka na bima ya safari. Jibu hutoka haraka: hapana, kwa kuwa ni gharama; au ndiyo, kwa kuwa ubalozi umeitaka. Majibu yote mawili hayana hesabu ndani yake, na kwa mtu anayeishi kwa hesabu hilo ni jambo la kushangaza.

Kwa wanaokwenda Ulaya mjadala ni mfupi. Tangu Juni 2004 nchi za Schengen zinamtaka mwombaji wa visa ya muda mfupi aonyeshe bima ya matibabu yenye kinga isiyopungua euro 30,000, inayotambuliwa katika nchi zote za kundi hilo na kwa siku zote za safari. Kinga hiyo sharti ihusishe matibabu ya dharura, kulazwa hospitali, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kifo. Jambo lililo rahisi kusahaulika ni kwamba anayepewa visa ya kuingia mara kadhaa huonyesha bima ya safari ya kwanza tu. Safari ya pili na ya tatu ni jukumu lake mwenyewe kununua nyingine.

Hata nyumbani utaratibu wa kulazimisha umeingia. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka mgeni kutoka nje ya nchi alipe dola 44 kwa bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, inayodumu siku 92. Visiwani wamekwisha amua kuwa mgeni akiugua bili isibaki mikononi mwa serikali wala mwenye hoteli.

Penye uamuzi hasa ni kule ambako hakuna anayedai karatasi. China haimlazimishi mfanyabiashara kuwa na bima ili apate visa. Uingereza nayo haimlazimishi mgeni wa muda mfupi, wala Marekani.

Hesabu ya kontena

Mchukulie mwenye duka la vifaa vya umeme Mtaa wa Msimbazi, anayekwenda kwenye Maonyesho ya Canton, ambayo hufanyika Guangzhou kila Aprili na Oktoba. Tuseme ana mtaji wa shilingi milioni 40. Nusu ni yake, nusu ni mkopo wa SACCOS unaoanza kulipwa mwezi ujao. Siku ya tatu anateleza kwenye ngazi za hoteli na kuvunjika nyonga. Hospitali za China kwa kawaida hutaka amana kabla ya kuanza matibabu, na upasuaji wa aina hiyo unafuatwa na siku kadhaa za kulazwa. Kisha kuna tiketi iliyopita tarehe, nauli ya ndugu atakayemfuata kumhudumia, na kiti cha ziada ndani ya ndege kwa mtu asiyeweza kukunja mguu.

Fedha za kulipia yote hayo zipo, na hapo ndipo penye hatari. Ni zile za kontena. Atatibiwa na kurudi akiwa mzima, lakini duka halitakuwa na mali na SACCOS haitasubiri nyonga ipone. Kadi ya NHIF aliyo nayo mfukoni ni ya hospitali za nchini. Haimfai kitu kwenye dirisha la malipo la Guangzhou.

Akifariki mambo huwa magumu zaidi. Kusafirisha mwili kutoka China hadi Dar es Salaam kunahitaji vibali, jeneza maalumu na nauli ya mizigo ya ndege. Watanzania walio ugenini wanaujua vizuri utaratibu wa kupitisha daftari la michango msiba unapotokea. Ni utaratibu wa heshima, ila unachukua siku, na familia iliyoko nyumbani inasubiri.

Kwa Uingereza, matibabu ndani ya chumba cha dharura ni bure kwa kila mtu. Mgeni akilazwa wodini mambo hubadilika: asiyekuwa na msamaha hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya huduma hiyo katika mfumo wa afya wa taifa, na deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa linaweza kumfanya anyimwe visa siku nyingine. Kuhusu Marekani hapana haja ya maneno mengi. Bei za hospitali za huko zinajulikana dunia nzima.

Begi si sababu

Wasafiri wengine hununua bima kwa kuogopa begi kupotea. Hao wanalipia kitu ambacho kwa sehemu kubwa wanacho tayari. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, shirika la ndege linawajibika kwa mizigo ya abiria hadi kikomo ambacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni karibu dola 2,000. Kinachotakiwa ni kulalamika kwa maandishi: ndani ya siku saba kwa begi lililoharibika, na siku 21 tangu kukabidhiwa kwa begi lililochelewa. Zaidi ya hapo, kupoteza begi kunaudhi lakini hakufungi duka. Bima inanunuliwa kwa hasara ambayo mtu hawezi kuibeba mwenyewe.

Vilevile wapo wanaodhani bima ya safari inalinda bidhaa walizonunua. Hailindi. Mali iliyomo kwenye kontena inahitaji bima ya mizigo ya baharini, ambayo ni mkataba mwingine kabisa. Na dola taslimu zilizoshonwa ndani ya koti, kama zinalipiwa, hulipiwa kwa kiwango kidogo sana.

Kilichoandikwa kwa herufi ndogo

Malalamiko kuhusu bima hii mara nyingi huanzia kwenye kurasa ambazo mteja hakuzisoma. Magonjwa aliyokuwa nayo kabla ya safari, kama kisukari na shinikizo la damu, kwa kawaida hayamo isipokuwa yametajwa na kukubaliwa. Anayekwenda India kwa ajili ya kutibiwa hawezi kuitegemea, kwani kinga ni ya dharura na si ya matibabu yaliyopangwa. Ajali iliyosababishwa na ulevi huwa nje. Hati nyingi pia zina kiasi cha kwanza cha hasara ambacho msafiri hujilipia mwenyewe; ada ikiwa ndogo ajabu, kiasi hicho kitazamwe kwanza.

Kufutwa kwa safari ni somo la peke yake. Maonyesho ya Canton ya Aprili 2020 hayakufanyika ukumbini kwa sababu ya Uviko-19. Yalihamishiwa kwenye intaneti kati ya tarehe 15 na 24 Juni. Waliokuwa wamelipia safari zao walijifunza kuwa hati nyingi za wakati huo zilikuwa zimetenga magonjwa ya mlipuko, na kwamba bima inayonunuliwa baada ya tukio kujulikana haifidii tukio hilo.

Soko lenyewe sasa lina nafasi ya kuchagua. Hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango, msafiri wa Bara alikuwa na Shirika la Bima la Taifa peke yake. Leo anaweza kulinganisha hati mbili tatu kwa siku moja, na kuhakikisha kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwamba kampuni au wakala ana leseni. Dai likikwama kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Katika kulinganisha, ada iwe kitu cha mwisho kutazamwa. Kwanza kikomo cha matibabu, pili kurudishwa nyumbani, mgonjwa au mwili, tatu namba ya simu inayopokelewa saa 24. Namba hiyo ina uzito wake, kwa kuwa kampuni nyingi hutaka zipigiwe kabla ya kulazwa, si baada ya bili kutolewa, na zinaweza kukataa gharama ambazo hazikuziidhinisha. Nakala moja ya hati ikae na mkalimani au rafiki aliye safarini, na nyingine ibaki dukani Msimbazi, kwa yule atakayepigiwa simu usiku.