Vimeng'enya vinavyoifungulia njia saratani ya matiti

WAFUGAJI wa samaki kwenye vizimba vya Ziwa Victoria, karibu na Kisumu, wanajua kuwa wavu ukikatika mahali pamoja tu, ngege waliofungiwa humo hutawanyika ziwani wasikusanyike tena. Hali inayokaribiana na hiyo hutokea ndani ya titi lenye saratani.

Saratani nyingi za matiti huanzia katika mirija ya maziwa. Mwanzoni seli zake huzingirwa na utando mwembamba uliofumwa kwa protini. Ili zitoke nje, utando huo sharti ukatwe, na wakataji wake ni vimeng'enya vinavyovunja protini.

Kwa asili, vimeng'enya hivi si adui. Mwaka 1962, watafiti Jerome Gross na Charles Lapiere walieleza kimojawapo baada ya kuchunguza mkia wa kiluwiluwi, ambao hutoweka anapogeuka chura. Kwa binadamu, husaidia vidonda kupona na titi kurejea katika hali yake mtoto anapoachishwa kunyonya. Mwili hutengeneza pia protini za kuvidhibiti visikate kupita kiasi.

Saratani huvuruga mizani hiyo. Huzichochea hata seli jirani zisizo na ugonjwa kutoa vimeng'enya kwa wingi. Utando hutoboka, na seli za saratani hupenya hadi kwenye mishipa ya damu na ya limfu, kisha huweza kufika kwenye mifupa, mapafu au ini.

Kuvizuia kwa dawa kumekuwa kugumu. Matokeo ya jaribio yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa dawa ya marimastat haikuchelewesha kukua kwa saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa, na baadhi ya wagonjwa waliumwa misuli na viungo. Imebainika pia kuwa vingine kati ya vimeng'enya hivyo huukinga mwili, hivyo kuvizima vyote huweza kuleta madhara.

Kwa hivyo, kuwahi matibabu ndiyo silaha kubwa. Saratani hii ndiyo inayogunduliwa zaidi nchini Kenya, na wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa.

Mwanamke wa Kisumu, Bondo au Homa Bay anayehisi uvimbe titini, hata usiouma, au anayeona chuchu ikitoa damu, hana sababu ya kungoja. Ni heri apimwe kabla wavu haujakatika.