Chura Asiyefanana na Picha ya Kitabu

Mpasue chura dume wa kawaida, yule mwenye ngozi kavu ya vipele anayejaa kwenye mitaro ya Dar es Salaam masika yakianza, utakuta kitu ambacho vitabu vingi vya kiada havikionyeshi. Kwenye ncha ya juu ya kila korodani, karibu na vidole vya mafuta vya rangi ya manjano, pamekaa kipande kidogo cha mviringo. Wataalamu hukiita kiungo cha Bidder, nacho ni ovari iliyodumaa ndani ya mwili wa dume. Majaribio ya karne iliyopita yalionyesha kwamba korodani zikiondolewa, kiungo hicho kinaweza kukua na kuwa ovari inayofanya kazi.

Vitabu havikionyeshi kwa sababu michoro yake mingi ni ya vyura wa ukoo mwingine, wale wa ngozi laini wa Ulaya na Marekani, ambao hawana kiungo hicho. Tena wale wana vimeno kwenye taya la juu. Huyu wetu ni kibogoyo tangu kuzaliwa. Basi mhadhiri anayesahihisha madaftari ya mwaka wa kwanza akikuta chura mwenye meno na asiye na kiungo cha Bidder, hana haja ya kumhoji mtu. Mchoro ulitoka kitabuni, chura akabaki kwenye trei bila kutazamwa.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha mafunzo ya vitendo katika zuolojia: mwanafunzi aamini kilicho mbele ya macho yake kuliko alichokikariri. Ustadi wa kushika mkasi hupatikana kwa mazoezi, na fundi sanifu mzuri wa maabara humfundisha hata mzembe. Kutazama ni kugumu zaidi.

Mende ni mwalimu mzuri wa jambo hilo, naye ni wa bei rahisi. Anabandikwa kwa pini kwenye trei yenye nta, mgongo juu, kisha anamwagiwa maji mpaka azame. Wanafunzi hudhani maji ni ya usafi. Kumbe bila maji viungo vyake laini hulaliana na kugandamana; ndani ya maji huelea, kila kimoja kikaonekana kilipoanzia na kinapoishia. Mkasi unapita ubavuni, ncha ikielekezwa juu ili isitoboe utumbo, halafu magamba ya mgongo yanainuliwa polepole. Mwenye haraka huyabandua yote kwa mkupuo mmoja na kuyatupa, kisha hutumia saa nzima akiutafuta moyo. Moyo wa mende ni mrija uliojishikiza chini ya magamba hayohayo, na sasa umo kwenye ndoo ya taka.

Aliyekwenda taratibu huona mengi. Huona nyuzi zinazometa kama fedha zimesambaa kila mahali: ndiyo mirija ya hewa, na inang'aa kwa sababu imejaa hewa. Hapo huelewa kwa nini damu ya mende haina wekundu. Oksijeni hupita kwenye mirija hiyo moja kwa moja hadi kwenye tishu, hivyo damu haikupewa kazi ya kuibeba.

Halafu huja kuchora. Penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, hakuna kutia vivuli, mistari ya majina isipishane. Mende wa milimita 40 akichorwa kwa milimita 120, mchoro umekuzwa mara 3, na hilo sharti liandikwe. Masharti haya huwachosha vijana, lakini huwezi kuchora mpaka wa kiungo usichojua kinaishia wapi. Kosa ni letu walimu tunaotoa alama nyingi kwa mchoro nadhifu. Mchoro uliochakaa kwa kufutwafutwa, wenye kiungo cha Bidder mahali pake, unastahili kuupita ule mzuri ulionakiliwa.

Mwanabiolojia Mwingereza Thomas Henry Huxley alipowafundisha walimu wa shule huko South Kensington, London, mwanzoni mwa miaka ya 1870, aliwaweka mezani na hadubini na viumbe halisi. Kitabu alichokitoa na H. N. Martin mwaka 1875 kinaanza na hamira na kufika hadi kwa chura. Mtindo huo tuliurithi, pamoja na chura wake wa Kizungu.

Je, ni lazima kila mwanafunzi aue? Hapana. Mwaka 1959 wanasayansi Russell na Burch waliweka misingi mitatu ya utafiti unaotumia wanyama: tumia kibadala panapowezekana, punguza idadi, punguza mateso. India ilianza mwaka 2011 kuviagiza vyuo vikuu vyake vipunguze upasuaji hatua kwa hatua. Programu ya kompyuta ni nzuri kwa kujiandaa, ila ndani yake vyura wote ni chura yuleyule, hakuna mwenye minyoo wala mwenye ini kubwa kuliko wenzake. Mimi ningechagua chura mmoja kwa kundi, aliyelazwa kwa dawa ipasavyo, akachunguzwa saa tatu badala ya moja.

Na kazi nyingine zinamhitaji chura akiwa hai. Chura mdogo wa Kihansi hapa Tanzania, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, baada ya bwawa la umeme kuyapunguza maji ya maporomoko yake na ugonjwa wa kuvu wa ngozi kumwandama. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kutoka bustani za wanyama za Marekani wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayemtunza hupima joto na unyevu, na kila siku hukagua ngozi ya kiumbe anayeweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Doa dogo akilipita bila kuliona, hakuna kitabu kitakachomwonyesha.