Maradhi ya Gari Yajayo na Kuondoka

Katika ukanda huu wa dhahabu, kutoka Geita hata Bulyanhulu, mchimbaji mdogo hanunui kiroba cha mawe kwa kukitazama tu, bali huponda kipande, akausafisha unga wake kwa maji ndani ya karai, ndipo akafanya bei. Lakini mtu huyohuyo, gari lake likiugua, huwa radhi kununua kipuri baada ya kipuri kwa dhana tupu.

Wenye magari makuukuu waijua taabu hii. Corolla ya miaka ya 1990 hutoka Kahama alfajiri ikivuta vema. Ikikaribia Kakola, injini huanza kumisi, ikatetemeka na kukosa nguvu. Na ikisha kupumzika kivulini kwenye gereji, huunguruma kana kwamba haikupata kuugua. Hapo fundi mwenye pupa hubadili leo plagi, kesho koili, keshokutwa pampu ya mafuta, hata fedha ikatindika na ila ikasalia palepale.

Fundi mwenye hekima huanza kwa kuuliza, kama afanyavyo tabibu. Ikiwa injini humisi asubuhi ya mvua na kupona jua likipanda, yamkini unyevu umeingia ndani ya kifuniko cha distribyuta, au nyaya za plagi zimechakaa zikavujisha umeme; na uvujaji huo huthibitika usiku, boneti ikiwa wazi na injini ikinguruma, kwa cheche zionekanazo gizani zikirukia chuma, ila mikono na ikae mbali, kwani umeme huo ni wa maelfu ya volti. Ikiwa humisi baada ya kupata moto, koili ndiyo ya kushukiwa kwanza, maana joto hutanua ufa uliojificha ndani yake. Ikiwa humisi inapopanda kilima na mzigo, na itazamwe filta ya mafuta, hasa kwa anunuaye petroli ya madumu, ambayo aghalabu huja na maji na taka.

Kisha hutafutwa silinda iliyolala. Injini ya silinda nne, ikizunguka mara 800 kwa dakika, huwaka mara 1,600, yaani mara 400 kwa kila silinda. Wakati inapomisi, fundi huchomoa soketi za nozeli moja baada ya moja: ile isiyobadili mngurumo, silinda yake ndiyo yenye ugonjwa. Plagi yake huhamishiwa silinda nyingine. Ugonjwa ukiifuata, ushahidi umetimia, na usipoifuata, hukaguliwa waya, nozeli na mgandamizo. Silinda zikiugua zote pamoja, lawama huiendea koili, kwa kuwa katika gari la distribyuta ni moja izilishayo zote.

Basi, ewe mwenye gari, andika saa, hali ya hewa, mwendo na mzigo kila injini inapomisi, umpelekee fundi maandishi hayo; nawe fundi, badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, wala usimnunulishe mtu kipuri usichokipima.