Usipa na mafuta yanayotushinda kuyatengeneza

Je, wajua kwamba mwili wako, pamoja na ufundi wake wote wa kugeuza ugali kuwa kitambi, kuna mafuta mawili unayoshindwa kabisa kuyatengeneza? La kwanza ni asidi ya linoleki, ya ukoo wa omega-6. La pili ni asidi ya alfa-linoleniki, ya ukoo wa omega-3. Yote mawili lazima yaingie kwa mdomo. Yakikosekana, mtu huugua, hata kama anakula akashiba.

Jambo hili liligunduliwa kwa panya. Hadi miaka ya 1920 wataalamu wengi waliyaona mafuta kuwa kuni tu za mwili, na wakaamini kwamba wanga na sukari vingeweza kushika nafasi yake. Mwaka 1929 George Burr na mkewe Mildred, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitangaza matokeo yaliyowashangaza wenzao. Waliwalisha panya sukari, protini, madini na vitamini, lakini mafuta wakayaondoa yote. Ngozi za panya wale zikaota magamba, mikia ikavimba na kuoza, figo zikaharibika. Walikunywa maji kupita kiasi, wakaacha kuzaa, mwishowe wakafa. Wale waliopewa matone machache ya mafuta kila siku walipona. Mwaka uliofuata wana ndoa hao waliitaja asidi ya linoleki kuwa ndiyo iliyowaponya.

Wengi hawakusadiki. Mtafiti mmoja wa maabara hiyo hiyo, William Brown, aliamua kujifanya panya: kwa miezi sita alikula chakula kisicho na mafuta, au chenye mafuta kidogo mno. Hakuugua. Alisema hata kipandauso kilichokuwa kikimsumbua kilimwacha. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1938, na wenye shaka wakapata la kusema. Walichosahau ni kwamba mtu mzima ana akiba ya asidi hiyo chini ya ngozi yake, inayoweza kumtunza kwa muda mrefu. Mtoto mchanga hana akiba hiyo, na ni kwa watoto wachanga ambapo madaktari waliona baadaye ngozi ikikauka na kubabuka, kama ilivyokuwa kwa panya.

Kwa nini mwili ushindwe? Asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni. Mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana mara mbili, mnyororo hujikunja, na mafuta yenye mikunjo mingi hubaki majimaji hata kwenye baridi. Omega ni herufi ya mwisho ya Kigiriki, na kwa wanakemia ndiyo mkia wa mnyororo. Omega-3 ina mkunjo wake wa kwanza kwenye kaboni ya tatu kutoka mkiani, omega-6 kwenye ya sita. Mimea ina vimeng'enya vya kuweka mikunjo huko mkiani. Sisi hatuna. Tunachoweza ni kurefusha mnyororo na kuongeza mikunjo upande wa kichwani, na hata hapo twafanya kwa shida: ya alfa-linoleniki tunayoila, ni sehemu ndogo mno inayofika kuwa DHA, ile omega-3 ndefu inayojenga ubongo na sehemu ya jicho inayopokea mwanga.

Samaki naye si fundi mkubwa. Omega-3 ndefu hutengenezwa hasa na mwani mdogo usioonekana kwa macho. Vidudu wa majini hula mwani, samaki wadogo hula vidudu hao, wakubwa huwala wadogo. Anayekula samaki anavuna kazi ya mwani.

Kazi ya mafuta haya mwilini ni mbili. Yanaingia kwenye utando wa kila seli na kuulegeza ili vitu vipite. Pia ni malighafi ya kemikali zinazoamuru damu igande au isigande, mishipa ibane au ilegee, kidonda kivimbe au kitulie. Kwa kuzifumbua kemikali hizo, Bergström na Samuelsson wa Sweden pamoja na Vane wa Uingereza walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Vane ndiye aliyeonyesha kwamba aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia zisitengenezwe. Mwaka huo huo wa 1982 ulichapishwa mkasa wa msichana wa miaka sita wa Marekani aliyepigwa risasi tumboni, akawa analishwa kwa mshipa. Mafuta aliyopewa yalijaa omega-6 na karibu hayakuwa na omega-3. Baada ya miezi kadhaa akaanza kufa ganzi, kushindwa kutembea na kuona ukungu. Walipobadili wakampa mafuta ya soya, yenye omega-3, dalili ziliondoka.

Ushahidi unaonivutia zaidi, hata hivyo, unatoka Ludewa, kusini mwa Tanzania. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliopewa jina la Lugalawa, ulioongozwa na madaktari wa Italia. Walipima wanakijiji 622 wanaokula samaki wa ziwani, gramu 300 hadi 600 kwa siku, na wengine zaidi ya 600 wa eneo hilo ambao chakula chao ni cha mimea. Shinikizo la damu, ile namba ya juu, kwa wala samaki lilikuwa wastani wa 123 hivi. Kwa wenzao 133. Wenye ugonjwa wa shinikizo walikuwa asilimia 2.8 upande mmoja na asilimia 16.4 upande wa pili. Kolesteroli nayo ilikuwa chini kwa wala samaki, na omega-3 katika damu yao juu.

Tusikimbilie kushangilia. Watu wa vijiji viwili hutofautiana kwa mengi zaidi ya mboga, na kupima mara moja hakuthibitishi chanzo. Isitoshe, omega-3 ilipotiwa kwenye vidonge, makali yake yalipungua. Utafiti wa VITAL uliwafuatilia Wamarekani 25,871 kwa miaka mitano hivi, nusu yao wakimeza gramu moja ya mafuta ya samaki kila siku. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 hayakuonyesha kwamba vidonge vilipunguza kwa kiasi cha maana mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vikijumlishwa. Dozi kubwa nazo zimeonekana kuongeza hatari ya mapigo ya moyo kwenda ovyo. Kwa maoni yangu, mtu mwenye afya anayenunua kopo la vidonge hivyo kwa bei ya kilo kadhaa za dagaa amefanya biashara mbaya.

Jikoni kwetu omega-6 si tatizo: asidi ya linoleki imejaa kwenye alizeti, pamba na karanga. Wanaotegemea nazi peke yake ndio wanaoipata kidogo. Alizeti si adui, lakini haina omega-3 ya kutajika, na koo hizi mbili hugombania vimeng'enya vile vile. Singida, mkoa uliojijengea jina kwa alizeti, una pia Ziwa Kitangiri, na watafiti wa Uholanzi waliopima maziwa ya akina mama wanaokula samaki wa ziwa hilo waliyakuta na DHA nyingi. Mama akila samaki, mtoto anayenyonya amekula pia.

Samaki tunao: Nyasa wana usipa, Victoria wana dagaa, pwani wana vibua. Omega-3 huharibika upesi kwa hewa, jua na moto, kwa hiyo chagua dagaa wakavu wasio na harufu ya mafuta yaliyochacha, na uwachemshe au uwaunge kwa nazi au nyanya badala ya kuwakaanga hadi wawe makapi. Asiyekula samaki atafute soya, mbegu za kitani na mboga za majani kwa wingi. Mjamzito na anayenyonyesha wasikose samaki mara mbili kwa wiki. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asimeze vidonge vya mafuta ya samaki kabla ya kuzungumza na daktari wake.