Hifadhidata Ndogo na Maradhi Yake

Neno hifadhidata huwafanya watu wengi wafikirie mitambo mikubwa ya benki au ya idara za serikali, inayotunzwa na wataalamu katika vyumba vyenye ubaridi. Lakini hifadhidata iliyoenea kuliko zote duniani haina chumba wala mlinzi. Jina lake ni SQLite. Imo ndani ya kila simu ya Android na ya iPhone. Imo pia katika Kolibri, programu ya masomo inayotumiwa na shule zisizokuwa na intaneti, zikiwamo baadhi ya zile za Afrika Mashariki. Mwalimu anayetunza alama za wanafunzi kwa programu ndogo katika kompyuta moja ya shule yumkini anaitumia bila kujua. Siku programu hiyo inapogoma, mara nyingi hapana fundi wa kuitwa, na alama zilizomo ni za miaka minne ya mtoto wa mtu.

SQLite ilibuniwa mwaka 2000 na Mmarekani D. Richard Hipp, alipokuwa akitengeneza programu kwa ajili ya meli ya kivita ya nchi yake. Programu hiyo ilitegemea seva ya hifadhidata, yaani programu nyingine iliyoendeshwa kando ili kupokea maswali na kuyajibu. Seva ilipozimika, programu ya Hipp nayo ilishindwa kufanya kazi, ingawa yenyewe haikuwa na kosa. Akajiuliza kwa nini isisome data yake moja kwa moja kutoka diskini. Ndiyo sababu SQLite haina seva: huunganishwa ndani ya programu inayoitumia, na hifadhidata nzima huwa ni faili la kawaida. Hiyo ndiyo faida yake kubwa. Ndiyo pia asili ya maradhi yake mengi, kwa kuwa faili la kawaida huweza kuguswa na mtu yeyote.

Tuanze na lenye hatari kubwa kuliko yote. Faili la hifadhidata limegawanywa katika kurasa zenye ukubwa sawa, kwa kawaida baiti 4096 kila ukurasa. Tuchukulie kuwa mwalimu anamhamisha mwanafunzi kutoka mkondo A kwenda mkondo B, na kwamba kazi hiyo inabadili kurasa mbili. Umeme ukikatika baada ya ukurasa wa kwanza kuandikwa na kabla ya wa pili, mwanafunzi atakuwa ameondolewa A na hajafika B. Ili kuzuia msiba huo, SQLite hunakili kwanza kurasa hizo kama zilivyokuwa, katika faili la pili liitwalo shajara. Huhakikisha kuwa shajara imefika diskini, ndipo inapoligusa faili lenyewe. Kazi ikikamilika shajara hufutwa, na kufutwa huko ndiko kunakouthibitisha muamala. Umeme ukikatika katikati, shajara hubaki. Programu itakapofunguliwa tena itaikuta, itarudisha kurasa za zamani mahali pake, na hali itakuwa kama kwamba muamala haukuanza kamwe.

Sasa fikiri mtu anayewasha kompyuta asubuhi baada ya umeme kurudi. Kando ya faili liitwalo alama.db anaona jingine, alama.db-journal, ambalo hakuliweka yeye. Kwa nia njema ya kusafisha, analifuta. Mtu huyo ameitupa dawa na kumwacha mgonjwa. Programu ikifunguliwa haina njia ya kujua kuwa kurasa nyingine ni za jana na nyingine za juzi. Madhara ni yale yale ikiwa atalibadili jina faili kubwa, au atalihamisha peke yake kwenye flashi na kuiacha shajara nyuma.

Tangu mwaka 2010 upo utaratibu wa pili, ambao mpango wake ni kinyume. Badala ya kunakili kurasa za zamani, SQLite huandika kurasa mpya katika faili lenye jina linaloishia na -wal, na kuziingiza katika faili kubwa baadaye, kwa kawaida faili hilo la pembeni linapofikia kurasa 1000, yaani kiasi cha megabaiti 4. Hapa mtego ni wa namna nyingine. Anayenakili faili kubwa tu wakati programu inaendelea na kazi huenda akapata nakala inayofunguka vizuri kabisa, ila alama zilizoingizwa mchana ule hazimo.

Basi nakala ya akiba ichukuliwe vipi? Njia rahisi ni kuifunga kwanza programu, kisha kunakili kila faili lenye jina lile, kubwa na vidogo vyake. Njia bora ni kuiachia SQLite yenyewe kazi hiyo. Amri ya VACUUM INTO, iliyoongezwa mwaka 2019, huandika nakala kamili hata wakati watu wengine wanaendelea kusoma na kuandika. Tahadhari moja: kuna flashi za bei nafuu ambazo hujibu kwamba zimekwisha kuandika, hali data ingali katika kumbukumbu yao ya muda. Hapo hata shajara haiwezi kusaidia, maana imejengwa juu ya ahadi ya diski. Hifadhidata inayotumika kila siku isiwekwe kwenye flashi.

Faili likisha kuharibika, SQLite hutoa hitilafu nambari 11. Hitilafu nambari 26 ni jambo jingine: faili lililofunguliwa si hifadhidata kabisa, au limefichwa kwa ufunguo wa siri. Wanafunzi waweza kulichungulia faili kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Baiti 16 za mwanzo lazima ziwe maneno SQLite format 3, ambayo ni herufi 15 tukihesabu nafasi, kisha baiti ya sifuri. Kwa faili lililoharibika, jambo la kwanza ni kuweka kando nakala ya mafaili yote na kufanya majaribio juu ya nakala, si juu ya asili. Amri ya PRAGMA integrity_check hutaja mahali palipoharibika, na programu ya sqlite3 inayo amri .recover ya kuokoa mistari inayosomeka. Kinachookolewa hutegemea ni kurasa zipi zilizoumia. Wakati mwingine ni karibu yote.

Ugonjwa unaolalamikiwa mara nyingi zaidi si wa hatari, bali wa kuudhi: ujumbe kwamba hifadhidata imefungwa, yaani hitilafu nambari 5. SQLite huruhusu wasomaji wengi kwa wakati mmoja lakini mwandishi mmoja tu, kama daftari la mahudhurio katika ofisi ya walimu lililowekewa kalamu moja. Anayekuta kalamu imeshikwa hukataliwa papo hapo, isipokuwa programu imeagizwa kungoja. Agizo PRAGMA busy_timeout = 5000 huifanya ingoje hadi sekunde 5, na mara nyingi hiyo hutosha.

Hata hivyo wako wanaoweka agizo hilo na bado wakakataliwa mara moja, wakadhani SQLite imewapuuza. Sababu yake inastahili kufikiriwa na kila anayesoma sayansi ya kompyuta. Juma na Asha wote wameanza muamala kwa kusoma. Kisha Juma anataka kuandika: anaipata kalamu, lakini hawezi kumaliza mpaka wasomaji waondoke, na Asha ni mmoja wao. Asha naye anataka kuandika bila kuacha kusoma. Wakingojeana, watangojeana milele. SQLite huling'amua hilo na kumkataa Asha bila kumngojesha. Dawa si kuongeza sekunde, bali kuomba kalamu tangu mwanzo kwa amri BEGIN IMMEDIATE, kila muamala unapokusudiwa kuandika. Tatizo hili pia huzidi faili linapowekwa kwenye diski ya mtandao na kutumiwa na kompyuta kadhaa, kwa kuwa kufuli za mafaili katika mitandao mingi hazitegemeki. Kazi hiyo ni ya seva.

Wengine hulalamikia uzito wa kazi. Katika diski ngumu inayozunguka mara 7200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, kila muamala hungojea takriban mizunguko miwili ili kuhakikisha kuwa data imetua. Hiyo ni miamala 60 kwa sekunde. Darasa la wanafunzi 40, masomo 10, majaribio 3, ni alama 1200: zikiingizwa kila moja kwa muamala wake, zitachukua sekunde 20. Zote zikiwekwa katika muamala mmoja, hazichukui hata sekunde moja.

Na faili lisilopungua baada ya mistari kufutwa si gonjwa. Kurasa tupu hutunzwa kwa matumizi ya baadaye, na amri ya VACUUM huzirudisha.

Limebaki moja ambalo halitoi ujumbe wowote, na kwa hiyo hukaa muda mrefu bila kujulikana. SQLite haisisitizi aina ya data. Katika sehemu ya alama, mwalimu aweza kuandika neno hayupo kwa mwanafunzi aliyekosa mtihani, nalo litapokelewa. Wastani utakapokokotolewa, neno hilo litahesabiwa kuwa sifuri, na wastani wa darasa utashuka. Akiulizia alama ya juu kabisa, atajibiwa: hayupo, kwa sababu katika kupanga, maneno huwekwa juu ya nambari zote. Mahali pa aliyekosa mtihani paachwe wazi kwa thamani ya NULL, ambayo wastani huiruka. Kwa majedwali mapya, neno STRICT, lililoanza kukubalika mwaka 2021, likiongezwa mwishoni mwa amri ya kuunda jedwali, SQLite itakataa maneno katika sehemu ya nambari.