Viza iliondolewa, lakini mgeni ashukaye Kilindini bado anahitaji kibali

Mtalii afikaye Mombasa kwa meli huwa na muda mfupi mno wa kukaa nchini. Meli hufunga katika gati la Kilindini, ikakaa siku moja au mbili, kisha ikang'oa nanga kuelekea Zanzibar, Ushelisheli au kwingineko. Katika saa hizo chache ndimo madereva wa teksi na tuktuk, waongoza watalii wa Fort Jesus, wenye maduka ya Mji wa Kale na wachuuzi wa leso na vinyago hutarajia kujipatia riziki.

Hata hivyo, iwapo abiria huyo atashuka au atasalia melini si jambo linaloamuliwa Kilindini. Huamuliwa siku kadhaa kabla, kupitia kompyuta au simu, na pengine mgeni mwenyewe akiwa bado kwao.

Chanzo cha mkanganyiko ni tangazo la Rais William Ruto katika sherehe za Jamhuri, Desemba 12, 2023, kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mgeni atakayehitaji viza kuingia Kenya. Habari hiyo ilienea duniani kwa kasi, na wengi wakaielewa kuwa milango imefunguliwa bila masharti. Sehemu ya pili ya tangazo hilo haikusikika sana: kwamba kila mgeni angesajiliwa kwanza na kupewa kibali cha usafiri cha kielektroniki, kijulikanacho kwa kifupi kama eTA.

Kwa mgeni wa kawaida, tofauti kati ya viza ya zamani na kibali hiki si kubwa kama jina linavyodokeza. Tangu mwaka 2015, Kenya ilikuwa ikitoa viza kupitia intaneti, na ada ya kuingia mara moja ilikuwa takriban dola 50 za Marekani. Kibali kipya kilipoanza kutumika Januari 2024, ada yake ilitangazwa kuwa dola 30, mbali na gharama ndogo ya malipo ya mtandaoni. Ada ilishuka, lakini wajibu wa kuomba na kusubiri jibu kabla ya safari ulibaki palepale.

Kwa wengine mzigo uliongezeka. Raia wa mataifa ambayo hayakuhitaji viza ya Kenya, yakiwemo kadhaa ya Afrika, walijikuta wakitakiwa kujaza fomu na kulipa. Hapo ndipo mfumo wa Kenya ulipotofautiana na wa nchi zilizotangulia. Australia ilianzisha kibali cha aina hii mwaka 1996, na Marekani ikawa na chake kilichokuwa cha lazima kuanzia Januari 2009. Huko, kibali kilikusudiwa wageni wa nchi zilizosamehewa viza, ilhali wengine waliendelea kuomba viza kama kawaida. Kenya iliwaweka karibu wageni wote katika kapu moja.

Malalamiko yaliyofuata yalizaa matunda. Januari 2025, Baraza la Mawaziri liliidhinisha raia wa nchi zote za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya, waruhusiwe kuingia Kenya bila kibali hicho na kukaa kwa muda usiozidi miezi miwili. Lakini wengi wa abiria wa meli za watalii hutoka Ulaya na Marekani, na wao hawakuguswa na nafuu hiyo.

Mwombaji hutakiwa kuwa na pasipoti ambayo muda wake utaendelea kwa angalau miezi sita baada ya siku ya kuwasili, na yenye ukurasa mtupu wa kupigia muhuri. Hutuma picha ya ukurasa wa pasipoti wenye maelezo yake, picha yake mwenyewe, mpango wa safari na mahali atakapolala, kisha hulipa kwa njia ya mtandao. Serikali huwashauri wageni kutuma maombi siku tatu au zaidi kabla ya safari.

Watoto hawakusazwa. Mwaka 2016 serikali ilikuwa imewaondolea ada ya viza watoto wa chini ya miaka 16, lakini chini ya utaratibu wa kibali kila msafiri, hata mtoto mchanga, huhitaji chake. Familia ya baba, mama na watoto wawili italipa dola 120 ili kuzuru Mji wa Kale kwa siku moja.

Kwa abiria wa baharini kuna mtego mwingine, nao ni wa tarehe. Kibali kikishatolewa, mgeni ana siku 90 za kukitumia kuingia nchini. Muda huo humtosha yule ajaye kwa ndege kwa likizo ya wiki mbili. Lakini zipo meli zinazozunguka dunia kwa miezi minne au zaidi. Abiria aliyepewa kibali Desemba 1, na meli yake ikafika Kilindini Machi 15, atakuwa na karatasi iliyokwisha muda wake. Naye akisema ataomba akiwa safarini, huenda akajikuta katikati ya bahari ambako intaneti ni hafifu na ghali, siku zikiyoyoma.

Kanuni zinawasamehe wahudumu wa meli na abiria ambao hawatashuka, bali watakaa ndani hadi meli hiyohiyo iondoke. Msamaha huu humwondolea msafiri usumbufu, lakini haumfaidi mkazi wa Mombasa. Abiria aliyebaki melini hali wali wa nazi Mji wa Kale, hapandi tuktuk, wala hanunui tikiti ya Fort Jesus. Aidha, kampuni ya meli inaweza kuwa na masharti makali kuliko ya serikali, hivyo ni busara abiria kuuliza kabla ya kulipa nauli.

Ni vyema pia kufahamu kwamba kibali si hakikisho la kuingia. Ofisa wa uhamiaji katika lango la nchi bado ana mamlaka ya kumhoji mgeni na hata kumkataa. Vilevile, anayetoka katika nchi yenye hatari ya homa ya manjano hutakiwa kuonyesha cheti cha chanjo. Naye anayeendelea na safari hadi Zanzibar asidhani kibali cha Kenya kitamfaa huko. Tanzania ina viza yake, na tangu Oktoba 1, 2024 mgeni aingiaye Zanzibar hulazimika kununua bima ya usafiri ya dola 44.

Suala hili haliwahusu watalii pekee. Familia nyingi za Mombasa zina jamaa Muscat, Dubai na London, baadhi yao wakiwa wamechukua uraia wa ugenini. Kuzaliwa Mvita hakumwondolei mtu wajibu huu ikiwa anasafiri kwa pasipoti ya nchi nyingine na hana stakabadhi za Kenya. Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na mwenye pasipoti halali ya Kenya haombi kibali. Ajaye harusini au matangani akiwa na pasipoti ya kigeni pekee hana budi kuomba, na msiba haungoji siku tatu.

Wapo pia matapeli. Tovuti kadhaa za kibinafsi zimejipamba kwa rangi za bendera ya taifa na kuwatoza wageni fedha nyingi kuliko ada halisi. Tovuti rasmi ya serikali ya Kenya huwa na anwani inayoishia kwa go.ke, na mgeni anapaswa kuhakikisha hilo kabla ya kutoa nambari ya kadi yake ya benki.

Mombasa inafahamu vyema hasara ya meli kukosa kuja. Novemba 5, 2005, maharamia waliishambulia meli ya watalii ya Seabourn Spirit karibu na pwani ya Somalia ilipokuwa safarini kuja Mombasa, ikalazimika kukimbilia Ushelisheli. Katika miaka iliyofuata, uharamia ulizifanya kampuni nyingi kukwepa njia hiyo. Ilichukua muda mrefu kwa meli kurejea, na Kilindini ikajengewa jengo jipya la kupokea abiria wake.

Ingekuwa hasara ya kusikitisha iwapo meli zilizorejea baada ya hatari ya bunduki zitafunga gatini na abiria wake wabaki wakiutazama mji kutoka sitahani kwa sababu ya fomu. Dawa yake si ngumu. Mawakala wa meli wanaweza kuwatangazia abiria tarehe zinazofaa za kuomba, mapema lakini si mapema kupita kiasi. Waongoza watalii wanaopokea maagizo kwa simu na baruapepe wanaweza kuuliza swali moja kabla ya kukubali kazi: kila msafiri, mtoto naye akiwemo, ana kibali chake, na kitakuwa hai siku ya kufika? Jibu likipatikana mapema, safari ya kutoka Kilindini hadi Mji wa Kale ni ya dakika chache tu.