Kupanda Vilima vya Mchanga vya Shela

Mtu wa Lamu akisema kwamba amekwenda kupanda mlima katika kisiwa chake, wasikiao humcheka. Milima iko bara, nayo ina mawe, misitu na baridi. Lamu ni kisiwa cha minazi na mikoko, na mgeni aingiaye kwa mashua haoni kitu kilichoinuka juu ya mapaa ya nyumba ila minara ya misikiti na minazi yenyewe. Lakini upande wa kusini, nyuma ya mji wa Shela, kuna safu ya vilima vya mchanga ifuatayo pwani kuelekea magharibi hata karibu na Kipungani. Pwani hiyo yapata urefu wa maili 7 na nusu, na mwenye kuipita kwa miguu kwa njia ya juu ya vilima atalala usiku ule bila kubembelezwa.

Watu wawili waliipita njia hiyo mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na bahari imetulia. Mmoja alikuwa kijana, karani katika ofisi moja ya bara, aliyerudi kwao kwa likizo. Wa pili alikuwa ami yake, baharia wa zamani akaaye Shela. Kijana alikuwa amepanda vilima vya Ngong pamoja na makarani wenzake, naye hakuacha kuisimulia habari hiyo barazani kila jioni. Tena alikuwa na jambo jingine moyoni. Katika mfuko wa shati alichukua karatasi aliyopewa na dalali, yenye habari za kiwanja kinachouzwa nyuma ya Shela, chini kabisa ya vilima, na dalali alikuwa amemhimiza atoe arubuni kabla ya mwisho wa mwezi. Mzee aliposikia hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Mwanangu, kabla hujanunua, twende ukakione kiwanja chako kwa juu."

Kijana alitoka Lamu mara baada ya sala ya alfajiri. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo alipita pwani pwani, maili 2 za mchanga mgumu, pasipo haja ya kushika njia ya ndani ambayo watu huitumia maji yakijaa. Alimkuta ami yake karibu na Msikiti wa Ijumaa wa Shela, ule uliojengwa mwaka 1829, ambao mnara wake mrefu hutambulikana kutoka mbali baharini. Mzee alikuwa na kibuyu cha maji, mkate wa mofa na tende zilizofungwa katika kitambaa, na miguuni hakuvaa kitu. Kijana alikuwa amevaa viatu vya ngozi. Mzee alivitazama viatu hivyo, asiseme neno.

Kilima cha kwanza kiliwachukua muda mfupi tu, lakini kilimfundisha kijana kwamba mchanga si jiwe. Mtu akipiga hatua moja juu, hurudi nusu yake chini. Alikwenda mbio kwa fahari ya Ngong, na kabla hajafika kileleni alikuwa ameketi, anakung'uta viatu. Mzee alipanda polepole, akishika mgongo wa kilima upande ule upigwao na upepo, maana huko mchanga hushindiliwa ukawa imara. Upande wa pili, ambako mchanga humwagika tu baada ya kuvuka kilele, mguu huzama hata kifundoni. "Fuata nyayo zangu," alisema, "nilizozikanyaga zimekwisha kushindiliwa." Tangu hapo kijana alivitundika viatu shingoni kwa kamba zake, akafuata nyayo.

Kutoka kileleni mtu huona mambo mengi kwa mara moja. Kaskazini ni mji wa Shela na mlango wa bahari ambamo vyombo hupita kwenda Lamu. Ng'ambo ya mlango ni kisiwa cha Manda na Ras Kitau. Kusini ni bahari kuu, haina mwisho. Mzee alinyosha fimbo kuelekea Manda. Huko, katika upande wa pili wa kisiwa kile, yako magofu ya Takwa, mji uliostawi katika karne ya 16 na ya 17, wenye msikiti mkubwa na kaburi la mnara. Kiasi cha mwaka 1700 watu wake waliuacha. Yasemekana walihama kwa sababu ya uadui na watu wa Pate, na tena kwa sababu maji ya visima vyao yaligeuka chumvi. Walivuka wakaja kukaa Shela, na hata leo watu wa Shela huenda Takwa mara mbili kwa mwaka kuzuru kaburi lile na kuomba mvua.

"Mji wenye msikiti na ukuta," alisema mzee, "ukahamwa kwa kisima."

Kijana aliuliza kwa nini basi visima vya Shela havikugeuka chumvi, na hali bahari iko karibu vile vile. Mzee alipiga fimbo mchangani. Jambo lenyewe wataalamu wameliandika, na mabaharia walilijua kwa kuonja. Mvua ya masika, inyeshayo kwa wingi kati ya Aprili na Juni, ikianguka juu ya udongo mgumu hutiririka baharini ikapotea. Ikianguka juu ya vilima vya mchanga haitiririki. Hunywewa pale pale. Huko chini hukutana na maji ya chumvi yaliyoingia kutoka baharini, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, hayachanganyiki upesi, bali huelea juu yake kama mafuta yaeleavyo katika mchuzi. Wenye elimu ya maji hukadiria kwamba kwa kila futi 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kama futi 40 chini yake. Ndiyo sababu kilima kidogo kinaweza kuwa birika kubwa. Lakini hesabu hiyo hiyo hukata pande zote mbili: ukivuta maji mpaka yashuke futi 1, chumvi yaweza kupanda futi 40 kutoka chini.

Nyumba za Lamu hunywa maji yavutwayo kutoka visima vilivyochimbwa katika mchanga huo nyuma ya Shela. Zamani kila mtaa ulitegemea visima vyake na mabirika ya misikiti, lakini visima vingi vya mjini vimeharibika kwa chumvi na kwa uchafu wa vyoo vilivyo karibu. Kwa ajili hiyo Serikali ya Kenya ilivitangaza vilima kuwa mahali palindwapo na sheria. Hata hivyo, tangu mji wa kale wa Lamu ulipoingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, wageni wameongezeka, na viwanja vya Shela vimekuwa kama lulu. Kutoka kileleni kijana aliona mapaa mapya yaliyosogea mpaka miguuni mwa mchanga, na punda watatu wakishuka na magunia. Aliuliza wamebeba nini. Walikuwa wamebeba mchanga, wa kujengea.

Hapo ndipo mzee alipouliza swali lake la pekee kuhusu kiwanja. "Kisima chako utachimba wapi, na choo chako utachimba wapi?" Kijana alisema hakumwuliza dalali.

Walishuka, wakapanda, wakashuka tena. Katika mabonde kati ya vilima palikuwa na mikoma na majani yatambaayo yenye maua ya zambarau. Majani hayo mtu huyakanyaga bila kufikiri, lakini ndiyo yanayokishika kilima. Pale yalipong'olewa, mchanga ulikuwa umefumuka na kuacha shimo lililo wazi kwa upepo wa kusi. Katika bonde moja mzee alinyamaza kitambo. Katika upande huu wa Shela, kiasi cha mwaka 1812, majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yalishuka ili kuitwaa Lamu. Waamu waliwashinda, nao walipokimbilia mashua zao waliziona zimekaa juu ya mchanga, maji yamekupwa. Wengi waliuawa pale pale pwani, na kwa miaka mingi baadaye upepo ulifukua mifupa yao vilimani. Ushindi ule ndio uliowafanya wakuu wa Lamu watafute ulinzi wa Sayyid Said wa Oman kwa kuogopa kisasi, na ngome ya Lamu ikamalizika mwaka 1821. Mzee alisoma Fatiha. Hakusema anawasomea washindi au washindwa.

Saa sita mchana maji yalikuwa yamejaa hata miguuni mwa vilima, pwani ngumu imefunikwa, na mchanga wa juu ukichoma kama kikaango. Kijana alivaa tena viatu, akavivua, akavivaa. Walikula chini ya mkoma mmoja wenye kivuli kidogo kuliko shati, wakamaliza maji ya kibuyu mapema kuliko walivyokusudia, na sehemu iliyobaki ya mwendo haikuwa na mazungumzo mengi.

Walifika Kipungani saa kumi na moja kasoro, hali nahodha aliyeagizwa kuwarudisha Lamu alikuwa amewaambia wafike saa tisa na nusu. Akina mama waliokuwa wakisuka mikeka kivulini waliwapa maji. Kijana alikunywa bakuli mbili, kisha akauliza kama kisima chao kina chumvi. Mmoja wao alijibu kwamba inategemea mwezi, na tena inategemea ni nani anayeuliza, wote wakacheka.

Mashua ilikuwa imelala ubavu katika matope ya mikoko, na nahodha amejinyosha ndani yake, kofia usoni. Mzee aliyatazama maji yalivyokuwa yakizidi kukimbia. "Kama watu wa Pate," alisema, akapanda akaketi.

Haikuwapo njia ila kungoja. Kijana alitoa karatasi ya dalali mfukoni. Ilikuwa imelowa jasho hata wino umetanda. Aliisoma tena polepole, upande wa mbele na upande wa nyuma, akitafuta kama imeandikwa habari yo yote ya maji, mpaka giza likamzuia kusoma. Kiasi cha saa tatu za usiku mashua ikaanza kutikisika chini yao.